Wazungu hawajatuzidi roho nzuri, wana wazazi wasumbufu

Kila nikipiga simu nyumbani nikaanza kuelezea kazi yangu huku Reading, Uingereza, lazima mtu aseme "wenzetu wana upendo bwana, kwetu mtoto kama huyo angefungiwa ndani." Jamani tupunguze. Mi nafanya ukeya, yani kazi ya kutunza watu, nashinda na vijana wenye usonji (autism), na upendo hauhusiki sana hapa.

Ni kweli watu wamezoea. Kijana mmoja wa kazini tukiingia supamaketi anavaa ile kamba ya kijani yenye maua ya alizeti shingoni, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick 2016, mhudumu akiiona anajua huyu ana ulemavu usioonekana kwa macho, hamharakishi. Akianza kurukaruka na kupiga makofi pale kwenye foleni watu wanaangalia pembeni. Nimesema wanaangalia pembeni, sijasema wanamsalimia. Mwaka unaisha hakuna jirani anayejua jina lake, na jirani huyohuyo ndo anaandika barua halmashauri kulalamikia kelele.

Afu tukumbuke hawa walikotoka. Miaka ya 50 na 60 madaktari Ulaya na Marekani walikuwa wanamwambia mama usoni kwamba mtoto kawa hivi sababu wewe humpendi, una roho ya barafu, na Bruno Bettelheim, aliyejulikana Marekani kama mtaalamu wa saikolojia ya watoto, akatoa kitabu kizima 1967 kwa msimamo huohuo. Sa wana tofauti gani na mawifi wa Mbagala? Waliobadilisha mambo ni wazazi wenyewe, 1962 wakakutana London wakaunda chama, ndo hiki leo kinaitwa National Autistic Society, mmoja wao Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye binti yake alikuwa na usonji, wakafungua na shule yao, wakaisumbua serikali weee mpaka England ikapata sheria ya usonji 2009. Miaka 47 hiyo! Na mpaka leo foleni ya kumpima mtoto ni ndefu wazazi wanalia.

Sasa nyumbani. Mtoto wa dada yangu haongei, akisikia honi ya daladala anaziba masikio anajitupa chini, konda anamwambia mama yake "mchape huyo, unamdekeza." Shemeji aliponunua bajaji ndo ikawa balaa, mtaa mzima ukasema imetoka kwenye kichwa cha mtoto, wamemtoa kafara. Upande wa shemeji wakamnywesha kombe wakamfunga hirizi kiunoni, upande wetu wakampeleka maombezi, na kote huko hela imetoka. Ila kuna kitu sijakiona Uingereza. Asubuhi mtoto anatoka na vizibo vyake vya soda anavipanga kwenye kibaraza cha duka, mstari mmoja mrefu kwa rangi, na Mangi hafagii mpaka amalize. Akisogea barabarani kuna kijana wa bodaboda anamrudisha kwa mama yake bila kuagizwa na mtu.

Kwa hiyo watu wema tunao. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo toka 2010, walimu wa elimu maalumu wanasomea chuo cha Patandi kule Arusha, lakini shule ya karibu ilimjibu dada "hapa hatuna mwalimu wake" yakaishia hapo, yenye kitengo cha watoto kama yeye ni mpaka upande daladala mbili, na mama akisimama kudai ndugu wanasema anatangaza aibu ya ukoo.

Na sisi wa ughaibuni ndo wabaya kabisa. Kwenye group la familia ikitangazwa harusi michango inamiminika hapohapo, nikiomba nauli ya mtoto kwenda shule kimyaaa, tiki za bluu tupu, afu mjomba anakuja inbox "mwanangu, kuna mchungaji mzuri sana Kimara." Hata hapa hapa Uingereza kuna Watanzania wana mtoto wa hivi, kwenye sherehe zetu wanakuja bila yeye, ukiuliza "kalala." Mtoto shule anayo, kamba ya alizeti anayo, ila hao anaotakiwa kuwaita shangazi na mjomba hawajawahi kumuona.

Nauli ya mwezi huu nimetuma mwenyewe. Ila nimemwambia dada kwa mwalimu mkuu asirudi peke yake, mtaa wa pili kuna akina mama wenye watoto kama wake, kila mmoja kajifungia na wake, awagongee mlango waende wote.