Waacheni Wabishane, Pepa Limeshakusanywa

Wiki iliyopita nilipanda daladala la Gongo la Mboto nikiwa na hasira zangu za kila siku za foleni. Pale Tazara wakapanda wanafunzi wanne wa Kidato cha Nne waliotoka kwenye pepa la Fizikia la mtihani wa taifa, baada ya konda kuwapigia hesabu kwanza, maana kwa konda mwanafunzi ni nauli kiduchu inayokalia nafasi nzima. Mashati meupe yameloa jasho la Novemba, rula na kalamu kwenye kimfuko cha nailoni. Hata bomba la kushika hawajalipata, mmoja akauliza: "Lile la jiwe umeandika nini?"

Gari likawaka moto.

Jiwe limerushwa wima kwenda juu. Likifika mwisho kabisa, kabla ya kuanza kushuka, mchapuko wake, yaani spidi yake inavyobadilika kila sekunde, ni kiasi gani? Wao waliita akseleresheni, na mimi enzi zangu niliita hivyo hivyo, tusijifanye. Kijana mrefu akasema sifuri. "Jiwe limesimama pale juu. Limesimama! Akseleresheni itoke wapi?" Wawili wakamuunga mkono, kwa hiyo kwa kura tatu hoja ikawa imepita. Binti aliyebanwa mlangoni akasema, "Ngojeni. Spidi sifuri, akseleresheni nayo sifuri. Sasa nini kitalirudisha chini? Si lingebaki huko huko hewani?"

Kimya. Kijana mrefu akafungua mdomo, akaufunga.

"Ni kumi, ile ya mvuto wa dunia," binti akaendelea, safari hii taratibu, kama anayejisomea. "Kumi kwenda, kumi kurudi, hata pale juu ni kumi." Kisha akajishika mdomo. "Mungu wangu. Na mimi nimeandika sifuri!"

Hapo ndipo baba mmoja, shati limenyooka kwa pasi, akageuka: "Nyie watoto, kelele. Pepa likishakusanywa limekusanywa. Nendeni mkasome la kesho." Abiria wakaitikia kama wapo kanisani. Watoto wakasema samahani baba, wakanyamaza.

Nimekasirika tangu siku hiyo.

Sentensi hiyo nimekua nayo. Shuleni kwetu second master alisimama nje ya chumba cha mtihani na fimbo yake, na kundi la watu watatu lilikuwa tayari ni kosa. Kulinganisha majibu kulihesabiwa pamoja na kutoroka bweni. Hakuna aliyewahi kutueleza sababu, zaidi ya kwamba "mtavunjana moyo". Miaka minne mnatulazimisha kukariri, mnatupa mitihani ya wiki, ya mwezi, ya muhula, mock ya wilaya, mock ya mkoa, halafu siku tuliyoanza wenyewe, kwa hiari, bila fimbo, kuulizana *kwa nini*, ndiyo siku mnayotuhurumia mioyo!

Tazameni kilichotokea mle ndani ya daladala. Yule binti aliingia kwenye chumba cha mtihani akiamini kitu kimoja, akatoka akiamini hicho hicho, na akakibomoa mwenyewe kati ya Tazara na uwanja wa ndege kwa sababu tu kuna mtu alimbishia. Hakupewa fomula. Alijiuliza jiwe lingefanya nini. Hiyo ndiyo Fizikia yenyewe, rafiki zangu. Yale mengine ni kuchagua herufi. Na hatasahau, kwa sababu inauma. Somo ulilolipia alama huwa haliondoki.

Nani mwingine angemwambia? Mtahiniwa wa taifa harudishiwi karatasi yake. Unaandika kwa muda wa saa tatu, inafungwa kwenye bahasha, na Januari unaletewa herufi moja: A kuanzia 75, F chini ya 30. Ukipata D, hutajua uliangushwa na jiwe, na lenzi, au na mwandiko. Nikiri kwa shingo upande kwamba Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na mwenye kuzisoma atafaidi. Lakini zinawazungumzia watahiniwa, hazikuzungumzii wewe, na zinatoka wakati wewe umeshafungasha begi. Msahihishaji pekee utakayemwona uso kwa uso ni mwenzako aliyebanwa nawe mlangoni.

Na mmeona walibishana kwa lugha gani? Pepa lilikuwa la Kiingereza. Mengine malizieni wenyewe.

Mimi nilijifunza kuhesabu nikiwa na miaka kumi na minane. Sitanii. Ilikuwa mock ya mkoa, praktiko ya pendulamu: unaning'iniza kijiwe kwenye uzi, unakiachia, unapima muda wa mizunguko ishirini, unagawanya, unachora grafu, unatafuta g, yaani ule mchapuko wa kitu kinachoanguka, ile kumi ya yule binti. Nikapata 10.9. Tulipotoka tukajificha nyuma ya jiko, maana huko fimbo ilikuwa haifiki, nikakuta wenzangu wana 9.7, wana 9.9. Nikasingizia Milima ya Uluguru, kwamba upande niliokaa mimi ulikuwa karibu nayo zaidi. Walicheka mpaka mpishi akachungulia.

Kisha jamaa mmoja, kilaza wa kutupwa kwenye Kemia, akaniuliza: "Wakati unakiachia ulisema moja au sifuri?" Nikasema moja, kwani watu huanza kuhesabu na nini? Akasema: "Ndiyo umejilipia nauli ya safari ambayo hukwenda." Yaani nilihesabu ishirini, kijiwe kimekwenda mara kumi na tisa. Muda wangu ukawa mfupi kuliko halisi, na kwa kuwa kwenye kanuni ya g muda huo unagawanya mara mbili, g ikavimba.

Kwenye daftari langu ilikuwepo, nilikwenda kuangalia: *start counting from zero*, nimepigia mstari mwekundu kwa rula. Miezi mingi nimeishi na mstari ule bila kujua unasema nini.

Haya, nakubali: wapo wanaoumia. Tulikuwa na mwenzetu akisikia jibu tofauti na lake hapati usingizi, na kesho yake anaingia kwenye pepa jingine macho mekundu. Huyo apite zake, na asifuatwe mpaka bwenini. Yupo pia kipanga anayelinganisha ili atangaze. Huyo hana dawa. Na mwenye sauti kubwa hushinda hata akiwa amebugi, kama yule kijana mrefu na kura zake tatu. Lakini kura zenyewe zilidumu vituo viwili.

Watoto walishuka Banana. Nikawaona dirishani wamesimama palepale kituoni, hawaondoki, mikono inapanda na kushuka.

Daladala lilipoanza tena kusogea, yule baba wa shati la pasi akaniinamia. "Samahani ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Hivi lile jiwe. Likishafika juu, ni sifuri au kumi?"

Nikamwambia wenye kujua wameshuka.