Klorini peke yake haiwaokoi kamba

Makala ninayoijibu hapa inawashauri wafugaji wa kamba wa Vietnam wamwage klorini bwawani kila wanapohofia ugonjwa wa vifo vya mapema. Hapo naomba tutulie kidogo. Chanzo cha ugonjwa huo ni bakteria Vibrio parahaemolyticus mwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA) inayotengeneza sumu mbili, PirA na PirB. Timu ya Donald Lightner, Chuo Kikuu cha Arizona, ilimbaini mwaka 2013. Klorini huua wema na wabaya pamoja, kisha Vibrio, kwa kuwa huzaana upesi mno, hurudi wa kwanza na kukuta chakula tele bila mshindani. Maji yakishatibiwa yaachwe yakomae, mwani na bakteria wazuri warudi, ndipo vifaranga vya kamba vipandikizwe, tena vikiwa vimepimwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya kijidudu) kwenye kituo vinakozalishwa.

Siku 35 za mwanzo baada ya kupandikiza ndizo za roho mkononi. Kila siku chukua kamba wachache kwenye sinia la chakula, uwaangalie juani. Ini la mzima ni la kahawia na limejaa. La mgonjwa limepauka, limesinyaa, na ukiliminya kwa vidole halipondeki kirahisi. Utumbo nao ni mtupu. Chakula kikibaki kwenye sinia, punguza mlo unaofuata. Mabaki huzama yakaoza, na tope lile jeusi ndilo shamba la Vibrio, kwa hiyo litolewe kila siku kwa bomba la katikati ya bwawa.

Antibiotiki tafadhali msiguse: haziondoi sumu iliyokwisha kuharibu ini, na huzalisha bakteria sugu.