Batobato, michirizi kahawia na miaka ambayo majarida yalinyamaza

Ugonjwa wa muhogo ambao wakulima wetu wanauita batobato uliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1894, kwa kalamu ya Mjerumani Otto Warburg, akiandika juu ya mimea ya Usambara. Ukifuatilia makala zilizochapishwa tangu hapo, utaona utafiti ukihama taratibu kutoka shambani kwenda maabara. Wapo wanaoyaita maendeleo, wapo wanaoona mkulima amesahauliwa.

Makala za awali zilitoka kwa watu waliokaa na zao. H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, alieleza ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, mwaka 1936. Mwaka 1950 R. F. W. Nichols akaonyesha jinsi unavyofuata mwinuko na hali ya hewa. Hawakuwa na njia ya kusoma vinasaba vya virusi. Walichanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakaurudisha uzao kwa muhogo mara kadhaa, wakichagua miche inayohimili. Kazi hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950, na michirizi kahawia ikakaribia kutoweka majaridani hadi miaka ya 1990. Shambani haikutoweka. Huu ni ugonjwa wa hila: majani yanaweza kuonekana mazuri tu, mkulima akaja kugundua siku ya kuvuna kwamba mizizi imeoza ndani.

Wanaotetea maabara wana hoja nzito. Batobato kali ilipoanza kufyeka mashamba ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, macho pekee yasingeeleza kwa nini ugonjwa wa zamani umegeuka hivyo. Jibu lilichapishwa mwaka 1997: virusi vya aina mbili vilikuwa vimeunganisha vipande vya vinasaba vyao, kikazaliwa kirusi kipya. Leo tunajua pia kwamba michirizi kahawia husababishwa na virusi vya aina mbili. Bila ujuzi huo huwezi kupima pingili inayoonekana safi kabla haijasafirishwa wilaya nyingine.

Lakini kuna gharama. Mfuatano wa vinasaba huweza kutoa makala kutokana na majani yaliyokusanywa katika safari moja. Jaribio la aina za muhogo hudai misimu kadhaa, na kila msimu unasubiri karibu mwaka mzizi ukomae. Mtafiti anayepimwa kwa idadi ya makala atachagua njia ya mkato, nami simlaumu. Kisha makala hizo huandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi nyingi zilikuwa za kulipia. Afisa ugani asingezipata.

Binafsi sidhani ugomvi uwe na maabara. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyoonyesha kwamba Namikonga ya kusini mwa Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya ni muhogo uleule, uzao wa Amani namba 46106/27. Wazalishaji wa mbegu bado wanautumia kutafuta ukinzani dhidi ya michirizi kahawia. Maabara imeutambua, ila waliouzalisha ni watu wa shambani, miongo mingi kabla.

Kinachonisumbua ni ule ukimya. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulihesabiwa kuwa wa pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, basi ukaachwa. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ambako haukutarajiwa kushamiri. Inzi weupe, ambao hueneza virusi vyake, walikuwa wamezidi, na hiyo ni sababu mojawapo. Lakini kwa kuwa upimaji haukuendelea, ni vigumu kujua ugonjwa ulipanda ghafla au kidogokidogo bila mtu kuutazama. Ripoti ya mizizi iliyopasuliwa na kukutwa mizima, mahali ambako ugonjwa haujafika, haiwavutii wahariri wa majarida. Nadhani ingestahili kuchapishwa, tena kila baada ya miaka michache, kwa eneo lilelile.