Mvuke wa Olkaria Unapotea Tukiwa Tumelala

Nafua nguo saa nane za usiku, na siamki. Mashine naitegea saa tu. Hapa Aarhus, Denmark, bei ya stima hubadilika mara nyingi kwa siku, na mchana unaona kwenye simu bei zote za kesho: jioni watu wakipika iko juu, usiku upepo ukivuma inashuka kabisa. Majirani zangu huchaji magari usiku huo huo. Mimi nikiangalia bei hizo nafikiria Olkaria kwetu Kenya, kule stima inakozalishwa kwa mvuke wa ardhini, na hasira inanipanda.

Kwa sababu Olkaria usiku wa manane mvuke huachiliwa hewani. Tumelala, viwanda vingi vimefungwa, mahitaji yameshuka, na kisima cha mvuke hakizimwi kama balbu. Saa moja jioni, kabla ya hapo, mtaa mzima wa Umoja, Nairobi, ulikuwa unaigombania stima na transfoma ikilemewa.

Ngoja, usiniambie nimekwenda majuu nikajisahau. Mwenzangu wa kazini hakuamini nilipomwambia kwamba karibu asilimia 90 ya stima tunayozalisha Kenya inatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Akaenda kutafuta mwenyewe, akarudi mpole. Wadenmark wanajivunia Viking Link, waya wao uliopita chini ya bahari hadi Uingereza: kilomita 765, megawati 1,400, ulianza kazi mwishoni mwa 2023. Wetu kutoka Wolaita Sodo, Ethiopia, hadi Suswa unapita kilomita 1,000, umejengewa uwezo wa megawati 2,000, na ulitangulia kwa mwaka mzima. Tulianza kununua kwa mkataba wa megawati 200. Kisha laini ya Isinya hadi Singida, Tanzania, ikawashwa mwishoni mwa 2024. Nyaya za kuuzia stima hiyo ya usiku tunazo, jamani! Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Najua kuna atakayeuliza: utamuuzia nani usiku, na Mwethiopia naye amelala, Mtanzania amelala? Swali zuri. Denmark upepo ukizidi hupeleka stima Norwei, nao Norwei huyafungia maji yao bwawani wakati huo. Upepo ukitulia, maji yanafunguliwa na stima inarudi huku. Nyaya za Skagerrak, zilizopita baharini kati ya nchi hizo mbili, zimefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Haya, Ethiopia ina mabwawa. Tanzania ina Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Sisi tuna mvuke usiojua usiku wala kiangazi. Muungano wa umeme wa Afrika Mashariki uliundwa 2005, na kwa sehemu kubwa bado tunauziana kwa mikataba ya nchi mbili mbili, kila mmoja akilinda chake.

Lakini hata tuwaache majirani. Dada yangu anauza samaki pale Umoja. Samaki kutoka Busia humfikia alfajiri, na friza lazima iwe imeshaganda, la sivyo kufikia mchana anauza kwa bei ya kutupa. Friza hiyo inanguruma usiku kucha, saa zile zile mvuke unapoachiliwa, na uniti ya saa nane usiku anailipia sawasawa na ya saa moja jioni. Viwanda vilipewa nafuu ya bei ya usiku tangu Desemba 2017. Pikipiki na magari ya umeme yakawekewa bei yake 2023. Mama mwenye friza moja akaachwa. Kwa nini? Nani aliamua kwamba biashara yake si biashara?

Na wewe unayesema nirudi nilipe kodi kwanza ndipo nilalamike: tokeni za dada yangu mara nyingi nanunua mimi, kwa simu, nikiwa huku huku, na kodi imo katika kila uniti. Wala siwaonei Wadenmark wivu wa bei. Kwa miaka mingi, hadi 2025, kodi yao ya stima ilikuwa kati ya zile kubwa kabisa Ulaya, na mishahara ya Nairobi isingeihimili. Ninachotaka ni dada yangu apewe nafasi ya kuchagua saa, kama ninavyochagua mimi.

Kubadilisha mita ziweze kutofautisha saa kunagharimu, sibishi. Basi waanze na wenye friza, wenye posho mill, wenye kuchomelea vyuma. Waanze na masoko ya Gikomba na Burma, mtaa kwa mtaa, kabla hawajatutangazia laini nyingine ya kilomita elfu.