Mtoto wa Kiume Naye Abandike Maharage

Jioni, nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zinafanana: binti anaosha vyombo, mdogo wake wa kike anachambua mboga, kaka yao yuko uwanjani au ameinamia simu. Ukiuliza, unaambiwa kijana hajui kupika. Hajui kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Naamini kabisa kwamba kazi za nyumbani ni malezi, na mtoto anayeepushwa nazo amepunjwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inamtaka mtoto awasaidie wazazi wake wanapohitaji msaada, na haikumtaja binti peke yake.

Tuanze na maharage, maana huku kwetu ndiyo chakula cha kila nyumba. Nusu kilo inatosha watu watano au sita. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuyachambua kwenye ungo. Mkalishe penye mwanga, kwa sababu vijiwe vya kijivu ndivyo vinavyompita. Yalowekwe usiku kwa maji mengi, mara tatu ya kipimo cha maharage, kisha asubuhi maji hayo yamwagwe. Yakibandikwa kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage yasiyoiva sawasawa, hasa mekundu, huumiza tumbo na kutapisha.

Hapa ndipo watoto wanaonewa. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, lakini joto lake ni dogo kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva. Yakiwa ya msimu uliopita, yanachelewa zaidi. Nyanya zikitangulizwa, uchachu wake unazuia maganda yasilainike. Kabla ya kumgombeza kijana kwamba ni mvivu, muulize: yalilowekwa saa ngapi, nyanya ziliingia lini? Mfundishe pia kupima kwa kubonyeza punje nne au tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, maana moja laini haisemi kitu. Maji yakipungua, aongeze ya moto.

Jiko la mkaa ni jambo jingine, na hapo sina mzaha. Chini ya miaka kumi na miwili mtoto asiwashe. Akifikisha, awashie nje, mkubwa akiwa karibu. Mikono ya sweta ikunjwe hadi kwenye viwiko na mtandio ufungwe nyuma, kwa sababu baridi yetu inawafanya watoto wainamie moto wakiwa na nguo nyingi. Mafuta ya taa yasimiminwe kamwe kwenye mkaa uliokwisha kushika. Na Juni na Julai, baridi inapouma, jiko lisiingizwe chumba cha kulala hata kama mkaa umekuwa mwekundu na hautoi moshi. Mkaa huo bado unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, sumu inayoua, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haisikii. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Ongezeni blanketi.

Kinachoharibu mafunzo haya yote ni kauli moja: “Umekosa, leo utaosha vyombo.” Mtoto anajifunza kwamba vyombo ni adhabu, na siku akiwa na nyumba yake atamtafuta wa kumwadhibu navyo. Kosa lingine ni kurudia kazi yake mbele ya macho yake. Kama sakafu haikufutika vizuri, mwonyeshe kona iliyobaki na umwachie kitambaa. Itachukua muda, na mzazi aliyechoka hana muda, najua. Bado ni bora.

Siku za shule, kazi ya nusu saa kwa kila mmoja inatosha. Wa darasa la saba apunguziwe mtihani unapokaribia, asifutiwe kabisa. Kutandika kitanda chake hakumzuii kusoma. Nyumba yenye dada wa kazi nayo isiwe kisingizio: soksi na nguo za ndani kila mtoto anayeweza kufua azifue mwenyewe, na dada asiitwe kutoka jikoni kuja kumpa maji kijana aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye ndoo.

Zamu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, jiko, vyombo na kufagia vikizunguka kila wiki kwa wavulana na wasichana sawasawa. Jina la baba nalo liwemo, walau Jumamosi, tena kwenye zamu ya jiko.