"Country Roads": wimbo wa kwetu usiofika

Panda basi la usiku Desemba, kutoka Nairobi kwenda magharibi mwa Kenya. Mkishaipita Naivasha, madereva wengi huiweka rhumba kando na kugeukia kantri: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton. Halafu anaingia John Denver na "Take Me Home, Country Roads", na hata mzee aliyekuwa akikoroma anaitikia kiitikio. West Virginia iko upande gani wa Marekani, hatujui, wala hakuna anayeuliza.

Wapo wanaoona wimbo huu ni uongo mtamu, na ushahidi wanao. Waliouanza ni Bill Danoff na Taffy Nivert, wakiwa garini Maryland, njiani kwenda kukutana na jamaa zake Nivert. Danoff ni mzaliwa wa Massachusetts, na jina la jimbo hilo nalo aliliwazia kuliweka kwenye wimbo badala ya West Virginia, kwa kuwa lina silabi zinazotosha. Walikusudia kumpa wimbo huo Johnny Cash, mwimbaji maarufu wa kantri. Denver aliposikia vipande vyake Washington mwishoni mwa 1970, akaung'ang'ania, wakaumaliza pamoja usiku huohuo. Yeye naye alizaliwa New Mexico, mtoto wa mwanajeshi wa anga, akakua akihamishwa huku na kule. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu wa West Virginia. Milima ya Blue Ridge na mto Shenandoah, vinavyotajwa mwanzoni kabisa, viko zaidi katika jimbo jirani la Virginia. West Virginia vinaigusa pembe ya mashariki tu. Karibu sawa na Mkenya kujisifia theluji ya Kilimanjaro kwa sababu anaiona vizuri akiwa Amboseli.

Hilo la ramani mimi nalisamehe. Linalonisumbua ni makaa ya mawe. West Virginia ni jimbo la migodi. Novemba 1968 mgodi wake wa Farmington ulilipuka ukaua watu 78. Februari 1972, kule Buffalo Creek, jimbo hilohilo, bwawa la taka za makaa lilipasuka, wakafa watu 125. Katikati ya misiba hiyo miwili, mwaka 1971, Marekani nzima ilikuwa ikiimba kwamba jimbo hilo nusura liwe peponi, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard. Mchimba migodi ametajwa mara moja, kwa kupitiwa, kama pambo.

Watetezi hujibu kwamba wimbo ni wa dunia nzima: Toots and the Maytals, bendi ya reggae, waliipeleka West Virginia hadi Jamaika, Wajerumani huuimba kwenye mahema ya bia ya Oktoberfest. Jibu hilo ni jepesi mno. Hata chapati hupendwa kila mahali. Jibu zito zaidi wanalo wenyeji wenyewe. Chuo kikuu chao cha Morgantown kimekuwa kikiupiga kwenye mechi za timu yake tangu miaka ya 1970, Denver akaja kuuimba uwanja mpya ulipofunguliwa 1980, na mwaka 2014 jimbo likauidhinisha kuwa mmoja wa nyimbo zake rasmi. Watu waliozika ndugu zao migodini hawawezi kuwa wote wamedanganyika na gitaa.

Waliona nini humo? Nadhani walijiona barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 migodi ya West Virginia ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Mashine zilipoingia, ajira zikayeyuka, na siku hizi hawafiki 20,000. Watu wakahamia viwanda vya matairi Akron na vya magari Detroit. Wikendi ikifika, walijaza petroli wakarudi milimani, na Jumapili usiku wakageuza gari. Sasa msikilize tena anayeimba: yuko kwenye usukani, redio inamkumbusha kwamba kwao ni mbali, anajilaumu kwamba alipaswa kuwa ameshafika jana. Danoff na wenzake hawakuijua West Virginia, lakini kwa bahati walimpata mtu wake aliyeondoka.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Nyumbani kwangu ni Kayole, mtaa wa Nairobi, ninakolipa kodi kila mwezi. Kwetu ni Busia. Mtu akikuuliza "Kwenu ni wapi?" ukamjibu Kayole, atakuuliza tena. Wimbo unaomba kupelekwa kwetu, na "kwetu" ya namna hii hung'aa zaidi kadiri unavyokaa mbali nayo.

Ndiyo maana haufiki. Hakuna lango, hakuna mbwa anayebweka, hakuna mtu anayetoka kupokea mizigo. Ubeti wa kufika ungelazimika kutaja nani ameaga dunia, nani anataka mchango wa harusi, na kwa nini paa ulilotuma pesa lizibwe bado linavuja. Wakosoaji wana haki kusema wimbo umekwepa hayo yote. Mimi ninauchukua hivyo hivyo, kwa kazi moja tu: saa zile kati ya Naivasha na mapambazuko, kabla shangazi hajaanza kuhesabu mifuko niliyokuja nayo.