Kaa Alikuja Baadaye

Najua mmeshaiona ile picha. Mwenzangu anatangaza kwamba nilipanda jiwe kwa kumkimbia kaa. Uongo mtupu! Kaa alinikuta juu, naye anakimbia maji kama mimi.

Jana tulikuwa tunatoka nyumba ya likizo tuliyopanga ufukweni, twende kijiji cha pili. Mwenzangu akauliza wenyeji, akapita njia ya juu. Mimi nikaiuliza simu, nikapita chini, kuzunguka rasi. Simu iliandika kwamba maji yatakupwa kabisa 10:05. Nami, mtoto wa Kiswahili, nikasoma saa kumi na dakika tano jioni. Haya, chekeni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mstari wa chini, wa maji kujaa, uliandikwa 16:17. Ningeusoma ningejiuliza saa kumi na sita ni saa gani. Sikuusoma.

Basi saa sita mchana naondoka, kichwani nina saa nne za maji kushuka. Kumbe yana saa mbili tangu yaanze kupanda, tena bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, maana mwezi mpevu ulikuwa juzi. Na maji hayapandi sawasawa. Tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa mita 3, saa ya kwanza yanaongezeka kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, halafu 50, halafu 25. Mimi nikachagua ya tatu na ya nne. Kwa hiari yangu, sikusukumwa na mtu.

Dalili nilipewa. Maji yakiwa yanashuka, mawe yaliyo juu kidogo ya maji huwa bado yamelowa. Ya kwangu yalikuwa makavu kabisa mpaka pale wimbi linapogusa. Nikasema, jua la leo kali!

Saa saba na ushei, mbele hakuna mchanga, nyuma hakuna mchanga. Nikapanda jiwe pana kama sinia. Kandambili ya kulia mkononi. Ya kushoto imeshakwenda zake. Simu kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nimeung'ata. Wimbi la kwanza likafika kwenye vifundo vya miguu. La pili, vifundo. La tatu, vifundo. Nikaanza kutabasamu, kwa kadiri mtu aliyeng'ata mfuko anavyoweza. La nne likanipiga kiunoni.

Hapo ndipo kaa akapanda. Tukatazamana. Akasogea. Nami nikasogea, ila pa kusogea hapakuwepo, nikabaki mguu mmoja hewani kama korongo.

"Shikamoo."

Sauti imetoka juu. Mtoto wa miaka minane, tisa hivi, amechuchumaa kwenye ukingo wa mwamba.

"Ahaba," nikaitikia, mfuko mdomoni.

"Unaoga?"

Nikatoa mfuko. "Napumzika."

Akafikiri kidogo. "Sasa mbona hupandi ngazi?"

Wapendwa, ngazi ilikuwepo. Vipandio vimechongwa kwenye mwamba, hatua tatu nyuma ya mgongo wangu. Muda wote ule nimeikodolea macho bahari nikitafuta chombo cha kuniokoa.

Mengine ni mafupi: nikapanda, goti likachubuka, kaptula ikachanika pasipotajika, nikaingia kijijini, mwenzangu akapiga picha. Mtoto akasimulia, mwenzangu akatia chumvi.

Leo nimerudi kutafuta kandambili. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo ni saa tano kasoro tano. Safari hii nimemuuliza mtoto. Saa nne nikachomeka kijiti pale maji yanapoishia, nikangoja dakika 10, nikaona yamekiacha nyuma, ndipo nikaenda.

Jiwe nimelikuta. Kaa yupo. Kandambili haipo.